Shule Mbili, Wilaya Moja: Namna ya Kusoma Matokeo Kabla Hujamhamisha Mtoto

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, kati ya Oktoba na Desemba, haipiti siku kabla orodha haijaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya kata: shule ya kwanza hadi ya mwisho kiwilaya, za juu zimepakwa kijani, za mkiani nyekundu. Kufikia Januari kuna watoto wamehamishwa, kuna mwalimu mkuu amesimamishwa mbele ya mkutano wa wazazi ajieleze, na kuna diwani amepata la kusema. Baraza la Mitihani lenyewe, NECTA, liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, kwa hoja kwamba shule hazifundishi katika mazingira yanayofanana. Orodha hazikukoma. Sasa anazitengeneza yeyote mwenye simu na muda.

Sina ugomvi na kulinganisha shule. Mzazi ana haki ya kujua kwa nini mtoto wa kijiji cha pili anasoma vizuri kuliko wake, ilhali halmashauri ni ileile na mtaala ni uleule. Ninachokataa ni kulinganisha kwa namba moja. Ukikaa saa mbili na kurasa za matokeo, kisha ukatumia asubuhi moja shuleni, utajua mambo ambayo orodha ya rangi haiwezi kukuambia. Nawaandikia wazazi na wajumbe wa kamati za shule, ingawa na afisa elimu kata akisoma hatapungukiwa kitu.

Anza na karatasi yenyewe

Matokeo yako wazi kwenye tovuti ya NECTA. Unachagua mwaka, mkoa, halmashauri, kisha shule. Hapo kwenye halmashauri tulia kidogo, maana baadhi ya wilaya zina mbili. Lushoto ina halmashauri ya Lushoto na ya Bumbuli. Korogwe ina ya mji na ya wilaya. Ukifungua moja tu, shule iliyo ng'ambo ya kilima chako huenda isiwemo kabisa.

Ukurasa wa shule utakuonyesha waliofanya mtihani, wastani wa shule, madaraja ya wavulana na wasichana, na gredi za kila mtahiniwa kwa kila somo. Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila moja lina alama 50, jumla 300. Anayefikisha 121 anaingia daraja C na kuhesabiwa amefaulu.

Hiyo 121 ndiyo inayowachanganya watu. Aliyepata 122 na aliyepata 178 wote wako daraja C, na kikaoni wote wanasomwa kwa sauti ileile. Shule inaweza kutangaza ufaulu wa asilimia 95 huku wengi wake wamepita kwa alama mbili tatu, na jirani yake ikatangaza 88 huku theluthi ya watoto wana B. Ningeulizwa nimpeleke wapi mtoto wa kawaida, ningechagua ya pili. Asilimia ya ufaulu inapendwa vikaoni kwa sababu inasomeka haraka. Wewe tazama wastani kati ya 300, halafu hesabu B ziko ngapi na D ziko ngapi.

Ukishapata hizo, chambua orodha. Ondoa shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza: nyingi husaili watoto kabla ya kuwapokea, zinatoza ada, na darasa la saba lao mara nyingi halijazi hata chumba. Ziweke pembeni pia zile chache za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond kwa walioko Dar es Salaam. Kisha tenga shule ndogo na kubwa. Kwa miaka mingi NECTA ilikuwa ikizipanga shule kwa makundi mawili, zenye watahiniwa chini ya 40 na zenye 40 au zaidi, na sababu yake ni hesabu tupu. Shule ikiwa na watahiniwa 14, wawili tu wakapata 60 badala ya 180, wastani wa shule nzima unashuka alama 17. Shule yenye watahiniwa 160 ikipatwa na mkasa huohuo inapoteza alama moja na nusu, na hakuna atakayegundua.

Ndiyo maana mwaka mmoja hautoshi. Andika wastani wa miaka mitatu, ikiwezekana minne, kwa kila shule unayoilinganisha. Shule iliyokuwa ya 4 kiwilaya, ikawa ya 51, ikarudi ya 12, mara nyingi haijapanda wala kushuka. Ni ndogo tu, na mwalimu mkuu aliyepongezwa mwaka huu ndiye atakayelaumiwa mwakani kwa kazi ileile.

Jambo moja la historia lisikupite unaposoma miaka ya nyuma. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na darasa la kwanza la mwaka ule lilifurika. Watoto wale ndio waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2022, na watahiniwa nchini walipanda kutoka takribani milioni 1.1 mwaka 2021 hadi zaidi ya milioni 1.3. Ukiona shule imeyumba mwaka huo peke yake, waonee huruma kidogo. Kuna mwalimu aliyewafundisha watoto wale kusoma huku wengine wamekaa sakafuni.

Hesabu waliopotea njiani

Ungekuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili.

Aliyefanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2025, kama hakurudia darasa, alifanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne mwaka 2022. NECTA hutoa matokeo ya mitihani yote miwili kwa kila shule. Fungua kurasa hizo mbili na uandike idadi ya waliofanya. Tuseme shule ya kwanza ilikuwa na watoto 118 darasa la nne, ikafikisha 71 darasa la saba, wastani wake 172. Jirani yake ilikuwa na 96, ikafikisha 91, wastani 158. Orodha ya WhatsApp inaipa ushindi ya kwanza. Mimi nataka kwanza kujua watoto 47 wameenda wapi.

Majibu yasiyo na ubaya yapo. Familia zinahama na mifugo au zinafuata vibarua vya mashambani. Shule mpya imejengwa na kugawana watoto na shule mama. Miaka hii ya BOOST, mradi wa serikali wa kujenga shule na madarasa ya msingi, hilo limetokea sehemu nyingi. Wengine walirudia darasa la nne. Lakini yapo na yale ya chini ya meza: mtoro aliyeachwa atoroke bila mtu kumfuata nyumbani, mtoto mzito ambaye mzazi alishauriwa amrudishe darasa la sita "akomae", mwingine aliyetakiwa ahamie shule ya mjomba wake kabla ya usajili wa mtihani. Kila mwanafunzi ana namba ya PReM, yaani ya mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na aliyehama kihalali ana uhamisho unaotaja shule aliyokwenda. Mwalimu mkuu anaweza kukuonyesha wangapi kati ya wale 47 wana uhamisho. Asiye na uhamisho wala rejista yuko mtaani.

Hili lilishawahi kutokea kwa nchi nzima. Mwaka 2013 serikali ilianza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na kwa upande wa elimu ikawa inatangaza nafasi ya kila shule ya msingi kitaifa na ndani ya wilaya yake. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walikuja kupima kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani wilayani mwao zilipandisha alama za mtihani. Wakati huohuo, watoto waliofikishwa kwenye mtihani walipungua, na watafiti hao walihitimisha kwamba shule zilikuwa zinawaengua baadhi yao. Mwalimu mkuu aliyebanwa ana njia mbili za kupandisha wastani: kufundisha, au kupunguza wasiojua. Ya pili haihitaji hata chaki.

Hesabu hiyo ifanye kwa wavulana na wasichana kila kundi peke yake. Wasichana wakipungua sana kati ya darasa la nne na la saba, swali lako halihusu taaluma tena, na halina sababu ya kuulizwa kwa kunong'ona. Tangu Novemba 2021 upo waraka wa elimu unaomruhusu aliyekatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwamo ujauzito, kurudi shuleni. Bado kuna vijiji ambako wazazi hawajausikia.

Shuka somo kwa somo

Wastani wa shule unaficha mengi. Andika masomo sita kwenye karatasi, shule yako upande huu na jirani upande ule. Katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kitakuwa chini karibu kila mahali, kwa hiyo usikishupalie hicho. Tafuta pengo la peke yake. Shule inayolingana na jirani katika masomo matano ikaanguka Hisabati haina tatizo la "mwamko mdogo wa wazazi", maneno ambayo yamekuwa kichaka cha kila kitu. Haina mwalimu wa Hisabati. Au anaye, naye ni mwalimu mkuu anayeitwa halmashauri kila siku ya pili.

Kiswahili kikiwa chini nacho, tatizo liko mbali na darasa la saba. Watoto hawasomi. Hapo usihangaike na mitihani ya utimilifu. Nenda madarasa ya chini. Shirika la Twaweza, kupitia Uwezo, lilikuwa likipima watoto nyumba kwa nyumba kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, na njia yao ni nyepesi kiasi kwamba mjumbe wa kamati anaweza kuiazima. Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, fungua katikati, mpe mtoto wa darasa la nne aya moja asome kwa sauti. Kisha mwulize swali moja kuhusu alichosoma. Fanya hivyo kwa watoto kumi, na uwachague wewe mwenyewe kutoka kwenye madawati ya nyuma, maana ukimwachia mwalimu atakuletea kiranja na dada yake.

Sehemu ambazo nyumbani kinasemwa Kisukuma, Kigogo au Kimaasai, mtoto anaanza darasa la kwanza akijifunza herufi na lugha kwa mpigo. Shule ya mjini ya wilaya hiyohiyo haina mzigo huo. Huwezi kuiadhibu shule ya kijijini kwa hilo, ila unaweza kuuliza kama darasa la awali lipo na lina mwalimu kweli, au lipo kwenye karatasi na watoto wanacheza chini ya mwembe.

Walimu wako wapi

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Ndani ya halmashauri moja si ajabu kukuta shule ya kando ya lami ina mwalimu kwa kila watoto 30, na shule ya ng'ambo ya mto ina mwalimu kwa watoto mia. Sababu si siri. Mwalimu anatafuta umeme, nyumba ya kupanga isiyovuja, kituo cha afya, na mahali mwenzi wake anaweza kupata kazi. Halmashauri inafanya msawazo wa ikama, anapelekwa mbali, na miezi michache baadaye amerudi barabarani kwa barua ya daktari. Wala simlaumu sana. Ukitembelea baadhi ya nyumba za walimu utaelewa.

Chukua Mvomero, mkoani Morogoro. Ndani ya wilaya hiyo kuna Mzumbe yenye chuo kikuu. Kuna Turiani na kiwanda cha sukari cha Mtibwa, kuna Dakawa na mashamba yake ya mpunga kwenye barabara ya kwenda Dodoma, na kuna Mgeta juu kwenye milima ya Uluguru, wanakolima mboga za kuuza mijini. Halafu kuna tambarare za wafugaji ambako familia inafuata majani. Kuzipanga shule za maeneo hayo mstari mmoja, kisha kumwita mwalimu mkuu wa tambarare aeleze kwa nini hakumshinda wa Mzumbe, ni kupoteza mchana wa watu.

Kwa hiyo tafuta shule pacha. Hii ni shule ya ukubwa wa yenu, ya mazingira ya kwenu, yenye wazazi wa shughuli zilezile, ikiwezekana yenye uwiano wa walimu unaokaribiana. Karibu kila wilaya utapata mbili au tatu za kufanana, na mara nyingi moja inazipita nyingine kwa alama 20 au 30 mwaka hata mwaka. Hiyo ndiyo yenye somo kwenu. Shule iliyoongoza wilaya haiwahusu.

Ukienda huko pachani, na ukirudi shuleni kwenu, usiishie kuuliza walimu ni wangapi. Uliza darasa la kwanza linafundishwa na nani. Kuna mtindo uliozoeleka wa kumpa mwalimu hodari darasa la saba, na watoto 140 wa darasa la kwanza wakaachiwa kijana wa kujitolea anayelipwa kwa michango. Darasa la saba likifika, mapengo yanazibwa kwa kambi: watoto wanalala shuleni miezi kadhaa, wazazi wanachanga mahindi na maharage, jaribio kila wiki, majibu ubaoni. Alama zinapanda kweli. Lakini fungua matokeo ya darasa la nne ya shule hiyohiyo. La saba likiwa juu na la nne likibaki chini mwaka baada ya mwaka, umejua kwamba shule inaanza kufundisha Januari ya mwaka wa mwisho, na mtoto wako wa darasa la pili atasubiri miaka kadhaa.

Kuwepo shuleni nako si kuwepo darasani. Benki ya Dunia ilipopima shule za msingi za Tanzania mwaka 2014, walimu wengi walikutwa shuleni, ila karibu nusu ya wote hawakuwa darasani saa ambayo walipaswa kufundisha. Daftari la mahudhurio ya walimu halitakuonyesha hilo. Pita saa nne na nusu asubuhi, baada ya mapumziko, uhesabu vyumba vyenye mwalimu na visivyo na mwalimu. Mara moja haitoshi, na usitangaze unakuja.

Kuliko vyote, mimi naamini madaftari ya watoto. Maandalio ya somo utayakuta safi, kwa kuwa yanaandikwa kwa ajili ya mdhibiti ubora. Omba madaftari matano ya Hisabati ya darasa la tano, na ukae nayo kwenye benchi nje ya ofisi. Angalia tarehe kwanza. Ukikuta zoezi la tarehe 12 Februari, ukurasa unaofuata ni tarehe 3 Machi, na madaftari yote matano yana pengo hilohilo, si mtoto aliyekuwa anaumwa. Kisha tazama kalamu nyekundu. Mtoto ameandika robo tatu kujumlisha robo moja ni nne ya nane. Juu yake kuna alama ya vema, chini ya ukurasa pameandikwa "Vizuri". Mwalimu mwenye watoto mia anaweka vema akiwa anatembea. Geuza ukurasa: je, sehemu zilirudiwa, au darasa limeshahamia kwenye desimali? Shule inayofundisha utaijua kwa neno "Masahihisho" lililoandikwa kwa mkono wa mtoto mwenyewe baada ya kila zoezi, na swali lililokosewa limefanywa upya. Fanya zoezi hilihili kwenye shule pacha siku inayofuata.

Fedha, lakini si fedha pekee

Ruzuku ya shule ya msingi imewekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 huenda shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu. Shule ya watoto 1,500 inapata takribani 750,000 kwa mwezi. Shule ya watoto 150 inapata 75,000, na kwa fedha hizo inanunua chaki, inadurufu mitihani, inatengeneza kitasa, inamlipia mwalimu mkuu nauli ya kupeleka taarifa. Gharama nyingi kati ya hizo hazipungui kwa sababu shule ni ndogo. Hapo ndipo shule ndogo ya pembezoni inapoanza mwaka ikiwa nyuma, na michango ya wazazi haiwezi kuziba, kwa kuwa wazazi nao ni wachache.

Pamoja na hayo, msikimbilie kuamini kwamba fedha zikija alama zitapanda. Kati ya mwaka 2013 na 2014 Twaweza iliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku, jingine liliahidiwa bonasi kwa walimu kulingana na watoto waliojua kusoma na kuhesabu, la tatu likapewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza ujuzi wa watoto. Ilipoungana na motisha kwa walimu, watoto walijifunza zaidi. Kamati ikikaa kugawa michango, kabla ya rangi ya ukuta na lango jipya, ijiulize fedha hiyo itabadilisha nini kwenye saa ya kipindi.

Chakula cha mchana nakitaja kwa ufupi kwa sababu kila mtu anajua faida yake na ugumu wake. Mkilinganisha na shule pacha, angalia mahudhurio ya mchana, si ya asubuhi. Shule isiyo na uji inaweza kuwa na watoto 400 saa mbili asubuhi na 250 saa nane.

Mkutanoni

Ukishakuwa na karatasi yako, usiianzie mkutanoni. Mwone mwalimu mkuu ofisini, salimia, mwonyeshe ulichopata, mpe nafasi ya kukusahihisha. Wengi wao wana majibu na hawajapata mtu wa kuwauliza swali linalojibika. "Mwalimu, kwa nini tumekuwa wa 43?" halijibiki. "Mwalimu, darasa la nne la 2022 walikuwa 118, tumefikisha 71, tunaweza kuangalia pamoja wangapi wamehama?" linajibika, na likijibiwa mbele ya kamati linaingia kwenye muhtasari.

Yako mambo ambayo mwalimu mkuu hana uwezo nayo, na hapo kamati inamsaidia kwa kuandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu kata. Barua ya malalamiko hulala kwenye faili. Yenye namba ni ngumu kulaza: shule yetu ina watoto 612 na walimu 6, shule iliyo kilomita nane kutoka hapa ina watoto 430 na walimu 14, tunaomba tuangaliwe kwenye msawazo ujao. Nakala mpe diwani, maana yeye anakaa kwenye baraza la madiwani ambako mkurugenzi anaulizwa. Ombeni pia kusomewa taarifa ya mwisho ya wadhibiti ubora. Hushuka hadi shuleni na mapendekezo yake, na kamati nyingi hazijawahi kuiona.

Kuhusu kumhamisha mtoto: akiwa darasa la sita au la saba, faida ni ndogo. Atafika kwenye kambi za watu, atazoea walimu wapya, na muda utakuwa umekwisha. Akiwa darasa la kwanza hadi la tatu, na umejaribu kile kitabu cha darasa la pili ukaona darasa zima halisomi, na kamati imeshindwa kusogeza kitu ndani ya muhula mmoja, mhamishe ukiweza. Pima na umbali. Kilomita saba kwa mguu, kwenda na kurudi kila siku, zinaweza kula kila alama ambayo shule mpya ingempa, hasa msimu wa mvua.

Mwisho, weka alama kwenye kalenda yako. Mtaala mpya wa elimu ya msingi ya miaka sita ulianza Januari 2024, ukijumuisha darasa la tatu la mwaka huo. Watoto hao watafika darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia kwa mtaala wa zamani watakuwa darasa la saba. Makundi mawili yatamaliza elimu ya msingi kwa pamoja, yakiwa yamesoma masomo yasiyofanana. Atakayetengeneza orodha ya wilaya mwaka huo kwa kuchanganya namba zao, au kwa kuzilinganisha na za 2026, mwachie. Kwa shule yenu, kamilisheni jedwali la miaka minne kabla ya hapo, likiishia 2026, na mlitunze kwenye faili la kamati, maana baada ya 2027 hamtakuwa na namna rahisi ya kujua mlikotoka.